Kiingereza cha Adabu

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Meneja alimwita Fundi. Wapishi wa sabuni walimwita Denja. Mke wake alimwita Baba Watoto, ingawa mtoto alikuwa mmoja tu, binti, naye alikuwa chuoni. Ukimwuliza mwenyewe analipenda lipi, alikuwa anakujibu kwamba yote sawa, jina halivunji mfupa. Hapo alikuwa anakudanganya. Hilo la Denja lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila aliyelitamka alikuwa anausukuma ndani zaidi.

Tumjue kwanza mtu wetu. Hakusoma sana. Baba yake alipougua, shule ikaishia hapo, naye akaingia karakana moja kumshikia mtu tochi na kumpokeza spana. Kazi aliisomea humo humo, kwa kuungua vidole na kutukanwa. Kiingereza chake alikiokota njiani: kwenye vibao vya mashine, kwenye makopo ya grisi, kwenye kitabu cha boila ambacho kurasa zake zilikuwa zimeshikamana kwa mafuta. Maneno ya kuzima, kufungua, kuvuja, kupasuka na kuua alikuwa nayo yote. Ya kusalimiana na kubembelezana hakuwa nayo, maana sijawahi kuona mashine iliyobandikwa habari za asubuhi.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni ya miche. Boila ilikaa nyuma, kwenye banda lake la mabati, na mvuke wake ulisafiri ndani ya paipu nene zilizoning'inizwa chini ya dari mpaka kwenye matangi, ambamo mafuta huchemshwa yakageuka sabuni. Kila tangi lilikuwa na mpishi wake, amesimama kwenye jukwaa na kasia mkononi. Tangi la karibu na mlango lilikuwa la shemeji yake Fundi, na juu ya kichwa cha shemeji huyo ndipo ilipopita paipu namba mbili.

Shemeji aliitwa Povu. Kwa sababu ya kazi yake, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu ya mdomo wake, ambao ukishachemka haukuwa na kifuniko. Ndiye aliyemlea mke wa Fundi. Wazazi wao walikufa wakifuatana, yeye akiwa kijana wa kubeba magunia, na kwa magunia hayo alimlisha dada yake, akamvisha, akamsomesha mpaka akawa mtu mzima. Siku Fundi alipokuja kuposa, Povu alimwambia kwamba msichana huyu kwake ni dada, mama na mtoto, anamkabidhi wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ajiangalie. Fundi alijiangalia. Baadaye akamtafutia Povu kazi pale kiwandani, na tangu hapo wawili hao wakawa chanda na pete, wakienda kazini pamoja na kurudi pamoja, mmoja akisema na mwingine akisikiliza.

Sasa, kiwanda kile kilikuwa na kanuni moja. Kitu chochote kikiharibika, lazima iandikwe ripoti kwa Kiingereza, itumwe makao makuu, nayo makao makuu yalikuwa mji mwingine, mbali. Watu wote waliokuwa wakiandikiana hizo ripoti walijua Kiswahili isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa bosi. Meneja wa kiwanda hakuwa na ruhusa ya kuzima hata tangi moja bila neno la makao makuu, wala hakuwa mtu wa kuitafuta hiyo ruhusa. Ukimpelekea shida, jibu lake lilikuwa lile lile: andika. Alikuwa analisema bila kuinua kichwa, kama mtu anayefukuza nzi.

Fundi aliandika. Mwaka ule pampu ya maji ya boila ilipofanya ufa, aliandika hivi, na mimi nawapa kwa matamshi yake mwenyewe: DENJA. WOTA PAMPU KRAKI. NO WOTA, BOILA BOMU. MENI PIPO DAI. KAMU NAU. Yote kwa herufi kubwa, kwa sababu vibao vyote vya hatari alivyowahi kuviona viliandikwa kwa herufi kubwa, na yeye alidhani ndivyo hatari inavyoandikwa.

Kesho yake tu Mhandisi wa makao makuu alifika na gari, pampu mpya imefungwa kamba nyuma. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kinachoanzia magotini. Aliposhuka aliuliza mbele ya watu wote uani, "Denja yuko wapi? Nataka kumwona Denja kwa macho yangu." Kisha akaisoma ripoti kwa sauti, kwa mikogo, akiigiza mtu anayekimbia moto. Wapishi wa sabuni walicheka wakashika mbavu. Povu ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akakaa chini. Saa ya chakula jina lilikuwa limeshakaa mahali pake. Fundi naye alicheka, cha meno, huku mikono yake ikifunga boliti za pampu, na pampu ikafanya kazi, na hakuna aliyekufa.

Hilo lingepita. Lakini mtu fulani kule makao makuu alikuwa ameipiga picha ile ripoti, na picha ikaingia kwenye simu za watu, ikawa inazunguka na maneno ya kejeli chini yake. Ikamfikia binti yake chuoni, kwenye kundi la wanafunzi wenzake. Binti alicheka na wenzake. Alicheka vizuri tu, mpaka alipoona sahihi.

Alirudi likizo. Halafu siku moja, baba yake akiwa anapangusa viatu vya kazi barazani, akamwonyesha. Fundi aliitazama picha, akaendelea kupangusa kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Binti akamwambia kwamba hataki tena watu wamcheke baba yake, kwamba watu wanaomcheka hawawezi hata kufunga bomba la jikoni, na kwamba kuna dawa. Akaichukua simu ya baba yake, akamwekea ile akili bandia ya kuandika.

Ilikuwa hivi: Fundi anazungumza kwa Kiswahili chake, simu inasikiliza, kisha inamwandikia Kiingereza kilichonyooka. Binti aliiwekea masharti ya kudumu. Iandike kwa adabu, kama mtu wa ofisi. Isiandike kwa herufi kubwa. Isitumie neno la hatari hovyo hovyo, maana hilo ndilo lililoleta yote haya. Fundi akaipa jina la Karani. Alipoona barua ya kwanza aliiangalia kwa muda mrefu. Hakuyaelewa maneno yote, lakini mengi aliyaelewa, na alielewa vizuri zaidi kwamba huyu aliyeandika hapa si mtu wa kuchekwa.

Na kweli hakuchekwa. Ripoti ya mkanda uliokatika ilijibiwa kwa shukrani. Ripoti ya geji iliyopotoka ilijibiwa kwa shukrani na pongezi. Meneja alianza kumwita Bwana Fundi na kumwambia akae. Mhandisi alipokuja kukagua, alimpa mkono kwa heshima na hakutaja jina lile hata mara moja. Fundi alitembea uani siku hiyo kama mwenye nyumba. Tusimlaumu upesi. Mtu ambaye amechekwa mbele ya mwanawe akipewa kiti, atakikalia.

Aliyebaki na jina la Denja alikuwa Povu peke yake. Yeye hakuona sababu ya kuliacha. Tena alikuwa anamtania kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwamba hicho Kiingereza kipya siku moja kitamwacha uchi sokoni. Fundi alikuwa anamjibu kwamba wivu ni ugonjwa, akatafute dawa.

Ndipo paipu namba mbili ikaanza kuimba. Kwanza ilikuwa sauti nyembamba kwenye kiungio, juu kabisa ya jukwaa la Povu, kama mtu anayepuliza chai. Fundi alipanda ngazi, akaondoa kitambaa cha kuzuia joto, akakuta chuma kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa chembamba kama ganda la yai. Alikifunga kwa mkanda wa chuma, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sauti ikanyamaza. Alipokuwa anashuka alijua kwamba amefunga kidonda kwa uzi. Mvuke ule haukuwa wa birika. Ungemchuna mtu akiwa amesimama.

Alikwenda kwa Meneja, akamwomba azime njia ile ya mvuke, tangi lisimame mpaka paipu mpya ije. Meneja alimsikiliza vizuri kuliko zamani, akamkaribisha kiti, kisha akasema: andika, Bwana Fundi, wewe siku hizi unaandika vizuri, watakuelewa.

Fundi alikaa kwenye benchi la karakana, akaisogeza simu mdomoni. Alisema kwamba paipu namba mbili imeoza, kwamba ikipasuka itamuunguza mtu afe, kwamba mtu mwenyewe anasimama chini yake kutwa, na kwamba wazime. Karani akaandika. Barua ilitoka imenyooka na yenye mpangilio mzuri, mpaka unatamani kuivalia tai. Na chini ya barua, kwa Kiswahili, Karani akauliza swali. Lilisema hivi: "Umesema mtu anaweza kufa. Kwa kufuata maelekezo ya adabu, nimeandika kwamba hali hiyo inaweza kuathiri usalama. Je, ungependa nitaje hatari hiyo waziwazi na kuandika neno la dharura mwanzoni?"

Fundi alilisoma swali hilo lote. Alilielewa, lilikuwa Kiswahili. Na papo hapo aliuona ule ua, na Mhandisi akikimbia moto wa maigizo, na Povu amekaa chini kwa kicheko, na binti yake darasani anacheka kabla hajaiona sahihi. Aliona Meneja akikiondoa kile kiti. Akajiambia kwamba barua imeshataja paipu, imeshataja kutu, imetaja hata usalama, na wale ni wasomi, mwenye macho haambiwi tazama. Akaituma kama ilivyo.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Huyu hakuwa anaficha uchi wake peke yake.

Jibu lilikuja kwa upole ule ule. Walimshukuru kwa ripoti yake nzuri, wakasema wameipokea na kwamba paipu itaingizwa kwenye matengenezo ya kawaida yatakayofuata. Fundi alilisoma mara mbili. Akamwambia Karani aandike nyingine, na Karani akaandika nyingine, ya adabu kuliko ya kwanza, akikumbushia barua iliyotangulia na kuwatakia kazi njema. Safari hii Fundi hakuteremka hadi chini ya ukurasa kuangalia kama kuna swali. Jibu likaja tena: asante, imepokelewa.

Wakati huo ule mkanda wa chuma kwenye paipu ulikuwa umeanza kutoa jasho. Matone ya moto yalikuwa yanamdondokea Povu begani, naye akajitafutia gunia, akalikunja mara kadhaa na kulivaa kama mkoba. Alikuwa akilifanyia mzaha, akisema amepandishwa cheo, ana nyota begani. Lakini siku moja walipokuwa wanarudi nyumbani aliuacha mzaha, jambo ambalo kwake lilikuwa kama ugonjwa.

"Shemeji, hawa watu umewaambia?" akauliza.

"Nimewaambia. Mara mbili."

"Kwa ile ya Denja?"

"Kwa Kiingereza safi."

Povu alifikiri kidogo. "Mimi ile ya zamani niliipenda," akasema. "Ile hata mimi niliielewa."

Fundi alicheka, akampiga bega, lile lisilouma. Alijiambia kwamba kesho atawapigia simu. Kesho yake Mhandisi alikuwa safarini, aliyepokea akamwambia aandike.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, watu wamekunywa chai yao na kurudi kazini. Fundi alikuwa bandani kwa boila aliposikia mlio ambao alikuwa ameusikia mara nyingi kichwani. Alikimbilia vali kuu, akaifunga kwa mikono yake yote miwili, na gurudumu lile halikuwahi kuwa zito namna hiyo. Alipofika kwenye matangi hakuona kitu, kulikuwa na mvuke mweupe tu na watu wanapiga mbio kutoka. Kasia lilikuwa limeanguka chini. Povu alikuwa amekaa karibu na mlango, ametembea mwenyewe mpaka pale, ametulia, anawatazama watu kana kwamba wao ndio walioumia. Gunia lilikuwa bado begani mwake, limeshikamana na ngozi, na Fundi aliponyoosha mkono kulitoa, wenzake wakamzuia.

Hospitalini walimlaza kwenye chumba cha mwisho wa ukumbi, chini ya chandarua. Mke wa Fundi alikaa naye, akimpepea kwa kipande cha kadibodi, na kadibodi hiyo ilikuwa ya kufungia sabuni za kiwanda kile kile. Hakulia. Alikuwa anamsimulia kaka yake habari za utotoni, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Fundi alisimama upande wa miguu. Siku moja Povu alifungua macho, akamwona, na sauti ikatoka kwa shida.

"Usijiumize, shemeji. Wewe uliwaambia. Hao ndio hawasikii."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Ningependa kusema kwamba alifungua kinywa akasema ukweli, lakini hakufungua. Povu akafa akiamini hivyo.

Makao makuu walituma watu wa kuchunguza. Walikaa ofisini kwa Meneja, barua za Fundi zimetandazwa mezani, wakazisoma, wakakubaliana kwamba Fundi ametimiza wajibu wake wote. Ametoa taarifa mapema. Ametoa taarifa kwa ufasaha. Mmoja wao alisema angetamani viwanda vingine viwe na fundi anayeandika namna hii. Meneja akasema yeye amefuata kanuni, na kweli alikuwa ameifuata. Wakaandika kwamba ni ajali, wakafunga faili.

Mhandisi alimfuata Fundi mpaka karakana. Alikuwa amekonda, hata kicheko chake kilikuwa kimehama. Alisimama akishikashika spana zilizotundikwa ukutani, akiziweka sawa, nazo zilikuwa sawa tayari.

"Kuna kitu kinanila," akasema. "Ile ya pampu niliisoma nimesimama, nikaondoka bila hata kuaga. Hizi za paipu nilizisoma zote. Nikatafuta lile neno lako, sikuliona. Nikasema, kama Denja hajaandika denja, basi hakuna denja."

Fundi alimwangalia.

"Tulikuwa tunakucheka, kweli," Mhandisi akaendelea. "Lakini tulikuwa tunakuamini. Hukujua?"

Fundi hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Kama lingekuwa jambo la kusemwa, lilipaswa kusemwa siku ile uani, kati ya kicheko kimoja na kingine, na hapo pangekuwa na nafasi ya kutosha. Walipeana mkono, Mhandisi akaenda zake.

Haukupita muda, paipu namba tatu nayo ikaanza kuimba. Zilikuwa zimefungwa siku moja, na kutu haina upendeleo. Fundi hakuigusa simu. Alichukua karatasi na kalamu nene ya kuandikia maboksi, akaandika DENJA kwa herufi kubwa, akaeleza kwa Kiingereza chake cha chuma kwamba paipu itapasuka na mtu atakufa tena, akaipiga picha na kuituma. Waliitikia siku hiyo hiyo. Njia ya mvuke ikazimwa kwa amri ya simu, na kesho yake paipu mpya zikaja juu ya lori, za matangi yote. Hakuna aliyecheka. Wapishi wa sabuni walimsaidia kuzishusha, wakimwita Fundi.

Alirudi nyumbani jioni, jua bado liko, akamkuta mke wake sebuleni na binti, ambaye alikuwa amerudi kwa msiba na bado hajapata moyo wa kwenda chuoni. Chai ilikuwa mezani. Kwa kuwa nyumba ile ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, na kwa kuwa alidhani ni habari njema, aliwaambia: paipu zote zimekuja, hakuna tena atakayeungua.

Mke wake alishusha kikombe. "Zimekuja baada ya kuwaandikia?"

"Jana niliandika, jana wakaitikia, leo zimefika."

"Na za paipu ya kaka yangu uliandika lini?"

Alimwambia. Akamwambia na majibu yaliyokuja. Mke wake alifikiri, si mtu wa haraka yule, kisha akataka asomewe. Akasema anataka kusikia kwa Kiswahili kile walichoambiwa wale watu kuhusu kaka yake, neno kwa neno. Fundi akatoa simu, akaitafuta barua, akashindwa kuisoma. Akampa binti.

Binti alisoma akitafsiri polepole. "Napenda kuwafahamisha kwa heshima kwamba imeonekana hali fulani ya uchakavu na kutu katika kiungio cha paipu namba mbili. Hali hiyo, isipoangaliwa kwa wakati unaofaa, inaweza kuathiri usalama katika eneo hilo. Ingependeza iwapo uongozi ungeona uwezekano wa kuzingatia kubadilisha paipu hiyo, kwa kadiri ratiba itakavyoruhusu. Natanguliza shukrani zangu za dhati."

Alipomaliza, alibaki na simu mkononi. Nje mtu alikuwa anapiga mswaki viatu.

"Barua hii ningeletewa mimi," mama akasema, "ningemaliza chai yangu kwanza."

Binti akaanza kulia. Alisema ni yeye, ni yeye aliyeweka yale masharti, ni yeye aliyeikataza isiseme hatari, ni yeye aliyemuua mjomba wake. Alikuwa anasema kwa kwikwi, na mama yake alikuwa amemgeukia, na Fundi akaona kwamba akinyamaza sasa hivi, neno hilo litamkaa mwanawe mwili mzima mpaka uzeeni. Pale hospitalini alinyamaza. Hapa hakuweza.

"Si wewe," akasema. "Iliniuliza. Teremsha chini, utaona."

Binti aliteremsha. Swali lilikuwa pale pale, linangoja, simu hazisahau. Alilisoma kwa sauti, na hili halikuhitaji tafsiri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Ukaijibuje?"

"Sikuijibu."

"Kwa nini?"

Alijaribu kutafuta neno zuri zaidi, na Karani angempa. "Nilikuwa nimechoka kuchekwa," akasema.

Mke wake alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumba siyo. Hakupaza sauti. Hasira yake ilikuwa imeshapita mahali pa kupaza sauti.

"Aliyekuwa anakucheka kila siku alikuwa kaka yangu," akasema. "Sasa nani amebaki wa kukucheka?"

"Hakuna."

"Basi."

Akakusanya vikombe, chake, cha binti na kile alichokuwa amemwekea mume wake kabla hajafika, akavipeleka jikoni. Walimsikia akimwaga chai kwenye sinki, kikombe kimoja kimoja. Kisha akafungulia maji na kuanza kuviosha, kwa ile sabuni.